Ukuta wa Hadrian kwa Macho ya Fundi Mwashi

Mtu anayekwenda kuona ngome ya kale huwa ameshaichora kichwani kabla hajafika: minara, ngazi, mizinga, ukuta wa kukuvunja shingo ukiutazama. Waliokulia karibu na Ngome ya Yesu pale Mombasa, au waliowahi kuingia Gereza la Kilwa Kisiwani, wana haki ya kutegemea hivyo. Ngome za Warumi kaskazini mwa Uingereza hazitakupa hayo. Sehemu kubwa ya kuta zake haivuki magoti, nyingine inaishia kifuani, na mawe yaliyokuwa juu yalibebwa na wakulima wa karne za baadaye wakajengea nyumba, mazizi na makanisa. Zimebaki nyasi, kondoo na upepo. Mimi ni muuguzi, naishi Newcastle, na nimewasikia Waswahili wenzangu wengi wakirudi kutoka huko na neno moja: mawe tu. Naandika kwa ajili yao, kwa sababu naamini pale pana mambo makubwa, na niliyaona vizuri kwa kuwa nilikwenda na mtu anayejua kusoma mawe.

Mtu huyo ni mjomba wangu, kaka yake mama, fundi mwashi wa Tanga. Alianza kazi akiwa kijana, wakati mafundi wa pwani bado walikuwa wakichoma chokaa wenyewe na kujengea mawe ya matumbawe, kabla saruji haijashika kila kitu. Alipokuja kunitembelea majira ya kiangazi nikamwambia kuna ukuta ambao Kaizari wa Rumi, Hadrian, aliamuru ujengwe alipofika huku mwaka 122, unaokata nchi kutoka Wallsend upande wa mashariki hadi Bowness-on-Solway upande wa magharibi, kilomita 117 na ushei. Hakuuliza habari za Kaizari. Aliuliza, “Mwanangu, walijengea nini?”

Tulipanda treni hadi Hexham, na kutoka pale tukapanda basi ambalo namba yake ni AD122, kwa heshima ya mwaka wenyewe. Linapita karibu na ngome kadhaa. Sisi tulishuka Housesteads, ngome ambayo Warumi waliiita Vercovicium. Kutoka barabarani unapanda kilima kwa miguu, na hapo ndipo utajua kama umevaa viatu vya maana. Chukua na koti la mvua hata kama asubuhi jua linawaka. Mbingu za kule hubadilika saa yoyote, na kwenye magofu hakuna paa la kujihifadhi.

Housesteads imekaa juu ya genge la mwamba mweusi mgumu. Upande wa kaskazini, ukuta wa ngome ndiyo huohuo Ukuta wa Hadrian, na ukisimama hapo unaona bonde na mashamba mpaka macho yachoke. Umbo lake ni la mstatili wenye kona za mviringo, lango kila upande, na humo ndani waliishi askari wapatao 800. Katika karne ya tatu walikuwa Watungri wa Kikosi cha Kwanza, watu waliotokea sehemu ambayo leo ni Ubelgiji. Nataka msomaji alishike hilo, maana nilikuwa nimeishi miaka kadhaa mwendo mfupi kutoka pale nikidhani walioulinda ukuta walikuwa watu wa jiji la Rumi. Sivyo. Ukuta wenyewe ulijengwa na lejioni tatu, yaani majeshi makubwa ya raia wa Rumi, lakini waliokaa ngomeni mwaka baada ya mwaka walikuwa askari wa vikosi vya wasaidizi, vijana waliotolewa katika mataifa yaliyokwisha kutawaliwa, wakapelekwa kulinda mpaka wa nchi ya watu wengine.

Mjomba alianza na msingi. Katika sehemu nyingi za Ukuta msingi ni mpana kuliko ukuta uliokaa juu yake. Mpango wa kwanza ulitaka unene wa karibu mita tatu. Kazi ikiwa njiani wakaamua kupunguza, na wajenzi wakapandisha ukuta mwembamba juu ya msingi mnene uliokuwa umeshamwagwa mawe. Nilimsomea hayo kwenye kijitabu, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa habari za jirani yake. Alisema tajiri akibadilisha mawazo katikati ya kazi, msingi haudanganyi. Ndani ya ngome hiyohiyo tukakuta msingi wa mnara mdogo umefunikwa na majengo mengine. Walikuwa wamejenga mnara kwanza. Baadaye amri ikaja kwamba ngome iwekwe hapohapo, mnara ukabomolewa. Kwenye historia za shule dola ya Rumi inaonekana kujua kila inachofanya. Kwenye udongo inaonekana ikifikiri, ikighairi, ikivunja na kuanza upya.

Akanionyesha pia jinsi mawe ya uso yalivyochongwa yakawa ya mraba, yenye ukubwa ambao mtu mmoja anaweza kulibeba moja na kuliweka mahali pake, wakati tumbo la ukuta limejazwa vifusi na udongo au chokaa. “Hii kazi imepangwa kwa watu wengi,” alisema. “Si kila mmoja alikuwa fundi. Wachache walichonga, wengine walijaza.” Kwenye vizingiti vya malango tulikuta matundu ambamo ekseli za milango zilizunguka, na kwenye lango la mashariki magurudumu ya mikokoteni yamekula mawe yakaacha mifereji miwili. Mjomba aliinama akapitisha kidole humo. Sijawahi kuona kitu kinachoeleza kazi ya kila siku kuliko jiwe lililolika namna ile.

Tulikawia zaidi kwenye ghala la nafaka. Sakafu yake ilikaa juu ya nguzo fupi za mawe zilizopangwa mistari, ili hewa ipite chini na ngano isiote ukungu. Ni akili ileile ya kuinua kihenge juu ya miguu ya miti kijijini. Mjomba alihesabu nguzo, akakagua matundu ya hewa, akasema aliyelijenga lile ghala amewahi kuona nafaka ikioza.

Choo cha askari kiko kwenye kona ya chini kabisa ya ngome, na hakikuwekwa pale kwa bahati nasibu. Kilima kinateremkia huko, kwa hiyo maji ya mvua yaliyokusanywa kwenye matangi ya mawe yalishuka yenyewe na kusukuma uchafu nje. Viungo vya tangi lililo karibu vilizibwa kwa risasi. Askari walikaa kwa safu juu ya mbao, bila ukuta kati ya mtu na mtu, na mbele ya miguu yao ulipita mfereji mwembamba wa maji ya kuoshea. Wageni hucheka pale na kupiga picha. Mimi niliona usafi wa mazingira ambao jamii nyingi zilikuja kuupata karne nyingi baadaye, na ninasema hivyo nikiwa mtu ambaye kazi yake ni kuzuia maambukizi.

Halafu kuna hospitali. Katikati ya ngome lipo jengo lenye ua na vyumba vidogo kuuzunguka, na watafiti wanalitambua kuwa hospitali ya askari. Nilisimama ndani yake muda mrefu. Ukuta peke yake usingenieleza kitu. Kilichonifungulia ni ripoti iliyopatikana katika ngome nyingine, mwendo mfupi kuelekea kusini magharibi, nayo ndiyo sababu siku ileile alasiri tulikwenda Vindolanda.

Kama una nafasi ya kwenda mahali pamoja tu, nenda Vindolanda. Ngome ya kwanza pale ilijengwa kwa mbao mnamo mwaka 85, miongo kadhaa kabla ya Ukuta. Kila kikosi kilipohama, kilichofuata kilibomoa, kikatandaza udongo na nyasi juu ya mabaki, kikajenga upya. Tabaka hizo za udongo mbichi zilizuia hewa, na pasipo hewa vitu haviozi upesi. Ndiyo maana wachimbaji wametoa ardhini viatu vya ngozi zaidi ya 5,000, vikiwemo vya wanawake na vya watoto. Kwa sheria, askari wa kawaida hakuruhusiwa kuoa hadi karibu na mwisho wa karne ya pili. Viatu vya watoto vinasema maisha yalikwenda mbele ya sheria.

Mwaka 1973 mwanaakiolojia Robin Birley na wenzake walikuta kwenye tope vipande vyembamba vya mbao, unene wa milimita moja mbili, vimeandikwa kwa wino. Wino ulififia haraka ulipokutana na hewa, na ni picha za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, zilizorudisha maandishi. Vingi ni vya karibu na mwaka 100. Inaelekea kikosi kilipohama kilitupa nyaraka zake motoni, na mvua ikauzima moto kabla haujamaliza kazi. Tangu hapo vimepatikana vibao mamia kwa mamia, na vingi viko British Museum, London, ingawa baadhi vinaonyeshwa palepale Vindolanda.

Ripoti niliyoitaja ni ya Kikosi cha Kwanza cha Watungri, ya tarehe 18 Mei. Jumla ya askari: 752. Waliokuwa nje ya kambi: 456, na kati yao 337 walikuwa Coria, mji ambao leo unaitwa Corbridge, na 46 walikuwa walinzi wa gavana. Waliobaki kambini: 296. Wasioweza kazi: 31, yaani wagonjwa 15, majeruhi 6, na wenye macho yanayouma 10. Wazima: 265. Niliposoma hesabu ile nilihisi nimeshikwa mkono. Kila mwisho wa zamu nami hukabidhi wodi kwa namna hiyohiyo: wangapi wapo, wangapi wametoka, nani hali yake vipi, nani ana nini. Macho kumi yenye uvimbe ndani ya kambi moja yanamwambia muuguzi habari ya moshi katika vyumba visivyo na hewa, kuosha uso kwa maji ya pamoja, kulala kwa kubanana. Hayo ni mawazo yangu ya kikazi, hayakuandikwa kwenye kibao. Lakini aliyeandika aliona inafaa kuwatenga wagonjwa wa macho na wagonjwa wengine, na mtu hatengi hesabu bila sababu.

Vibao vingine ni maisha matupu. Mkuu wa kundi la askari aliyekuwa kazini nje ya kambi, jina lake Masclus, anamwomba kamanda Flavius Cerialis maelekezo ya kesho, kisha anaongeza kwamba wenzake hawana bia, tafadhali waletewe. Mfanyabiashara Octavius anadai atumiwe fedha, si chini ya denari 500, la sivyo ataipoteza arubuni aliyokwisha kuilipa. Na ngozi zake hajazifuata kwa kuwa hakutaka kuwaumiza wanyama wakati barabara ni mbovu. Mtu mwingine ametumiwa soksi, kandambili na chupi. Na Claudia Severa anamwalika Sulpicia Lepidina, mke wa Cerialis, aje kwenye sikukuu ya kuzaliwa kwake tarehe 11 Septemba. Barua iliandikwa na karani, ila maneno ya mwisho ya kuaga, yale ya kumwita dada na roho yake mpenzi, Severa aliyaandika kwa mkono wake. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kilatini yanayojulikana kutoka mkononi mwa mwanamke. Anayeishi mbali na ndugu zake, akawa na rafiki mmoja wa kike katika mji wa kigeni ambaye bila yeye sikukuu hainogi, hahitaji mtu wa kumfafanulia barua hiyo.

Kibao kimoja kilituhusu sisi wa pwani moja kwa moja, ingawa hakikutaja pwani. Ni orodha ya manunuzi ya askari, na mmoja wao, Gambax mwana wa Tappo, amenunua pilipili manga kwa denari mbili. Pilipili manga haikuota popote katika dola ya Rumi. Ilitoka kusini mwa India, ikavushwa bahari kwa pepo za msimu hadi Bahari ya Shamu, ikapita Misri, ikavuka Mediterania, mpaka ikafika kwenye tope la Vindolanda. Katika karne ya kwanza mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki alitunga kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, na humo akaeleza pwani yetu, aliyoiita Azania, na bandari ya Rhapta iliyokuwa ikiuza pembe za ndovu na magamba ya kasa. Kitabu hichohicho kinaeleza safari ya kwenda India kuchukua pilipili. Mjomba, ambaye baba yake alikuwa nahodha wa jahazi, nilipomweleza hivyo alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza ilichukua miezi mingapi. Tukakaa kwenye benchi tukihesabu pamoja: kungoja kusi, kungoja kaskazi, ngamia wa jangwani, mto Nile, meli nyingine. Kwetu Tanga hesabu hiyo haihitaji ramani.

Nisiifanye habari hii kuwa tamu tupu. Kwenye vibao, wenyeji wa nchi wanatajwa mara chache, na pahali pamoja wanaitwa Brittunculi, jina la kuwadharau, katika maelezo ya namna wanavyopigana wakiwa juu ya farasi. Wao wenyewe hawakuandika barua. Tunajua nani hakuwa na bia na nani alihitaji soksi, lakini hatujui mama wa kijiji cha jirani alisema nini siku askari walipokuja kuchukua ng’ombe au kodi. Mimi natoka katika nchi ambayo maboma ya Wajerumani bado yamesimama mijini, na ambayo sehemu kubwa ya habari za mababu zetu wa enzi ile ilihifadhiwa katika kumbukumbu za waliowatawala. Kwa hiyo nikiingia kwenye ngome, hata ikiwa ya miaka elfu mbili iliyopita, siwezi kumsikiliza mlinzi peke yake. Namtafuta na yule aliyekuwa nje ya lango.

Anaonekana, ukitazama. Karibu na Housesteads, chini kidogo ya ngome, kuna mlango katika Ukuta penye kijito cha Knag Burn, wenye vyumba vya walinzi pembeni. Watu na mifugo walipita hapo. Mpaka ule haukuwa wa kuziba tu. Ulikuwa wa kuchuja, kujua nani anapita na ana nini. Vindolanda nako, mwanzoni mwa karne ya tatu, zilijengwa safu za vibanda vya mviringo vya mawe, kwa mtindo wa wenyeji, na wataalamu bado wanabishana kama vilikuwa vya wakimbizi au vya vibarua. Mjomba alikuwa na hoja yake: nani angemjengea mtu wa dharau nyumba ya umbo analolipenda? Nilimtafsiria mmoja wa wachimbaji wa kujitolea, ambao huwa uwanjani msimu wa kiangazi na hupenda sana kuulizwa. Walijadiliana kwa mikono na kwa mimi hadi ukafika wakati wa basi.

Siku nyingine tulikwenda South Shields, kwenye ngome ya Arbeia mdomoni mwa mto Tyne. Hapa ilikuwa bohari kubwa ya nafaka wakati Kaizari Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika nchi ambayo leo ni Libya, alipokuja kupigana Uskoti. Alifia York mwaka 211. Waafrika hawakuwa wageni wa kupita huku. Magharibi, mahali panapoitwa Burgh by Sands, palikuwa na kikosi cha Wamoor, watu wa Afrika Kaskazini, na jiwe la madhabahu walilolisimamisha katikati ya karne ya tatu limebaki kuwa shahidi. Katika makumbusho ya Arbeia kuna jiwe la kaburi la kijana anayeitwa Victor, wa taifa la Wamoor, aliyefariki akiwa na miaka 20. Alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na Numerianus, askari wa farasi wa kikosi cha Waasturi, ambaye ndiye aliyemzika kwa upendo mkubwa. Nilisoma mara mbili. Upendo uko pale, na utumwa uko pale, katika maneno machache ya jiwe moja, na sioni haki ya kufuta kimoja ili kingine kipendeze.

Jiwe la pili ni la Regina. Huyu alikuwa mwenyeji, Mbriton wa kabila la Wakatuvelauni wa kusini, naye alikuwa mtumwa kabla ya kuachwa huru na kuolewa na Barates, mtu wa Palmyra huko Syria. Alifariki akiwa na miaka 30. Amechongwa ameketi kwenye kiti, kando yake kikapu chenye mabunda ya sufu. Chini kuna maandishi ya Kilatini yanayoeleza habari zake, na chini ya hayo mstari mmoja wa maandishi ya Kipalmyra: Regina, aliyeachwa huru na Barates, ole.

Mjomba hajui Kilatini wala Kipalmyra. Alikaribisha uso kwenye jiwe, akatazama herufi za juu, akatazama za chini, kisha akaniita. Herufi za Kilatini, alisema, zimechongwa na mtu anayenakili; patasi inasimama, inaanza tena. Zile za chini zimetiririka. “Huu mstari wa mwisho,” akasema, “aliuchonga mtu anayejua anachosema.”